Vifaa vya kunakili negativu kwa kamera ya dijitali: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Aliye na kamera ya dijitali inayobadilishwa lenzi tayari anacho kifaa ghali kuliko vyote vinavyohitajika ili kunakili negativu zake. Kinachobaki kununuliwa ni lenzi, taa, kishikio cha filamu na stendi ya kuisimamisha kamera, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hukimbilia kubadilisha kamera ilhali tatizo lao liko kwenye lenzi au kwenye taa. Nimezipanga njia tano kwa kipimo kimoja tu, nacho ni ubora wa picha itakayochapishwa kwenye karatasi ukilinganishwa na gharama ya kuufikia.

Amua kwanza ukubwa wa karatasi. Picha itakayoshikwa mkononi na kutazamwa kwa karibu huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi. Kwa hiyo picha ya inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000, yaani megapikseli 7 na kidogo. A4 inataka karibu megapikseli 9, na A3 kiasi cha 17 na nusu. Kamera ya megapikseli 24, ikiwa fremu ya negativu imekijaza kihisi chake chote (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), hutoa pikseli 6000 kwa 4000, ambazo zinatosha karatasi yenye upana wa sentimita 50. Mwenye kamera ya zamani ya megapikseli 16, ambaye lengo lake ni albamu ya familia na picha chache za A4 za kutundika sebuleni, hana sababu yoyote ya kununua kamera nyingine.

Nafasi ya kwanza: stendi, lenzi ya makro iliyotumika na taa nzuri ya LED

Njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi, kwa kuwa inakubali filamu ya milimita 35 na ile pana ya 120, na kila sehemu yake inaweza kununuliwa kwa wakati wake.

Tuanze na lenzi. Makro ni lenzi inayopiga vitu vidogo kwa karibu sana. Fremu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, kwa hiyo kamera yenye kihisi cha ukubwa huohuo inahitaji lenzi inayofika uwiano wa 1:1, yaani taswira kwenye kihisi ilingane na ukubwa halisi wa kitu; kamera ya APS-C, yenye kihisi kidogo zaidi, inahitaji kama theluthi mbili ya hapo, na ya Micro Four Thirds, yenye kihisi kidogo kuliko hicho, inahitaji nusu. Negativu haitembei wala haikimbii, hivyo lenzi ya zamani ya kufokasi kwa mkono inafaa sawasawa na mpya. Chaguo langu ni Micro-Nikkor ya milimita 55 f/2.8, ambayo peke yake hufika 1:2, na ikiongezewa pete ya PK-13 hufika 1:1. Ukiifunga kwa adapta, bila pete, kwenye kamera ya APS-C ya megapikseli 24 ya Sony au Fujifilm, negativu itachukua karibu asilimia 58 ya eneo la kihisi na utabaki na megapikseli 14 hivi, ambazo zinaizidi A4 kwa mbali. Kabla ya kulipa, imulike lenzi kwa tochi kutoka nyuma na utazame mambo mawili: utando wa kuvu ndani ya vioo, ambao hupenda sana hewa yenye unyevu kama ya pwani yetu, na mafuta kwenye bapa za tundu la mwanga, ugonjwa unaofahamika wa lenzi hii. Bapa zenye mafuta hufunga kwa uzito au hazifungi kabisa.

Kwenye taa usibane matumizi. Filamu ya rangi hutunza picha katika tabaka za rangi tatu chini ya ule wekundu wa chungwa unaouona, na taa ambayo mwanga wake una mapengo huziharibu rangi kwa namna ambayo programu haiwezi kuzirudisha, hasa rangi ya ngozi ya watu. Tafuta taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisi, ambacho mwisho wake ni 100) ya 95 au zaidi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe sharti hilo hulegea, bali bado mwanga unapaswa kuwa sawa kutoka kona hadi kona. Usiweke negativu moja kwa moja juu ya skrini ya simu au tableti, kwa maana pikseli zake zitaonekana kwenye picha. Jaribu pia taa ikiwa imepunguzwa mwanga, kwani baadhi ya taa za LED hupepesa zikipunguzwa na kuacha michirizi, hasa kamera ikitumia shata ya kielektroniki.

Kishikio kina kazi mbili, kuilaza filamu bapa na kuzuia mwanga wa pembeni usiingie kwenye lenzi. Negative Supply na Valoi hutengeneza vishikio imara ambavyo mkanda mzima hupitishwa fremu kwa fremu, na DigitaLIZA ya Lomography ni ya bei nafuu zaidi. Epuka kuibana filamu chini ya kioo cha kawaida, kwa sababu upande wa filamu unaong'aa ukigusana na kioo huzuka miviringo ya rangi inayoitwa miviringo ya Newton, na kuiondoa kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha mno.

Stendi inaweza kuwa tripodi yenye nguzo inayolala, lakini stendi ya kunakili yenye nguzo wima ni bora. Ikiwa unaifahamu studio ya zamani iliyokuwa na chumba cha giza, ulizia ile mashine ya kukuzia picha: ukikiondoa kichwa chake, nguzo na ubao wake ni stendi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa leo, na mara nyingi mwenye nayo hana tena kazi nayo.

Kuinyoosha kamera hakuhitaji kifaa cha ziada. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa negativu, kisha usogeze kamera hadi taswira ya lenzi yenyewe ikae katikati kabisa ya fremu unayoiona. Hapo kamera na filamu zimelala sambamba. Weka ISO 100 na tundu la f/5.6 hadi f/8, hifadhi picha katika RAW (faili ghafi ambayo kamera haijaibana wala kuirekebisha), na utumie kichelewesha shata cha sekunde mbili. Fokasi kwa kukuza picha kwenye skrini hadi uone chembechembe za filamu zenyewe, kwa sababu picha iliyomo huenda haikuwa kali tangu ilipopigwa na itakudanganya.

Nafasi ya pili: adapta inayofungwa mbele ya lenzi

Mwenye negativu za milimita 35 pekee, na asiye na nafasi ya kuweka stendi mezani, anunue Nikon ES-2 au Valoi easy35. ES-2 hushika kipande cha fremu sita na imekusudiwa lenzi za makro za Nikon kama ile ya milimita 60, au ya milimita 40 kwa kamera za DX (APS-C za Nikon), wakati easy35 huja na taa yake. Filamu na lenzi zimeshikana, kwa hiyo hakuna cha kunyoosha, na meza ikitikisika vyote hutikisika pamoja. Nikon D850 ya mwaka 2017 ina hata uwezo wa kugeuza negativu kuwa picha ya rangi za kawaida ndani ya kamera, ila matokeo yake ni JPEG; kwa kazi ya kuchapisha piga RAW na ugeuze mwenyewe. Kilichoiweka njia hii nafasi ya pili ni filamu ya 120, ambayo haiingii kabisa kwenye adapta hizi mbili.

Nafasi ya tatu: skana bapa

Epson V600 hupokea filamu ya 35 na 120, na V850 Pro hufika hata negativu za inchi 8 kwa 10. Nukta 6400 kwa inchi zinazotangazwa zisikutie tamaa, maana undani halisi wa picha uko chini sana ya hapo, na kwa milimita 35 kamera yenye makro huishinda skana hii waziwazi. Negativu za 120 za sentimita 6 kwa 6 ni habari nyingine: hata ukipata nukta 2000 za kweli kwa inchi, utakuwa na zaidi ya pikseli 4000 kila upande. Ule mfumo wa mwanga wa infraredi wa kuondoa vumbi usiutegemee kwa filamu ya kawaida nyeusi na nyeupe, kwa sababu fedha iliyomo huuzuia mwanga huo kama vumbi linavyouzuia.

Nafasi ya nne: Plustek OpticFilm 8200i

Ni skana ya milimita 35 tu, yenye infraredi na ukali mzuri, lakini kila fremu unaisogeza kwa mkono na kusubiri. Inamfaa asiye na kamera.

Nafasi ya tano: visanduku vyenye skrini ndogo

Hivi hutoa JPEG peke yake, na aghalabu idadi ya megapikseli hupandishwa kwa programu. Vinatosha kukuonyesha kilichomo ndani ya boksi la negativu. Kwa kuchapisha, viache.

Kwa kugeuza rangi, darktable ni programu ya bure yenye moduli ya negadoctor iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Anayelipia Lightroom aongeze Negative Lab Pro. Nunua pia pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na negativu zinazonuka siki zitenge na uzinakili mapema, kwani msingi wake wa asetati umeanza kuoza.

Kabla ya kunakili boksi zima, chapisha picha moja ya A4 uikague. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine kali, rudi kwenye kile kioo cha kujitazamia uinyooshe kamera upya. Kona zote nne zikiwa na ukungu huku katikati ni kali, filamu imejikunja. Na ngozi ikikosa wekundu wake hata baada ya kurekebishwa, badilisha taa.