Gesi, haibridi, umeme au haidrojeni: ununue ipi kama gari lako linalala Dar

Juzi binamu yangu aliyeko Japan kanitumia picha WhatsApp, Toyota Mirai ya 2015, nyeupe, inang'aa kama jana ndo imetoka kiwandani, afu bei yake ya mnada iko chini kuliko Harrier kuukuu. Chini kaandika, "Bro hii inatumia haidrojeni, ekzosi inatoa maji tu, nikuletee?" Nimecheka, ila swali lenyewe si la kijinga maana naulizwa kila siku na madereva wenzangu, na jirani, hadi shemeji, hasa ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakishatoa bei mpya za mafuta. Tuhamie wapi? Basi naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia link.

Mjue kwanza anayeongea ni nani. Mi nina IST ya 2005, nabeba abiria wa mtandaoni, napiga kilometa 100 mpaka 120 kwa siku Mbezi, Posta, Airport, narudi. Kwa hiyo haya ni mawazo ya mtu anayekula kwa kuendesha. Ukiwa Mwanza au Songea ruka namba moja nenda namba mbili moja kwa moja, hutapoteza kitu. Na kabla hujauliza gari gani, andika mahali vitu viwili: unatembea kilometa ngapi kwa siku, na pampu ya hicho unachotaka kununua iko umbali gani na unapolala. Cha pili ndo watu wanakisahau.

Hesabu zangu kwa kilometa 100 ni hizi, petroli tuiweke 3,000 kwa lita ili tusigombane. IST kwa foleni ya mjini inakula lita moja kwa kilometa 12, kwa hiyo elfu 25. Kwa gesi napata kama kilometa 17 kwa kilo, kilo nimezoea kununua 1,550, inakuja elfu 9 na mia kidogo. Toyota Aqua, ile haibridi, inayokwenda 20 kwa lita ni elfu 15. Nissan Leaf, gari la umeme, ukichajia nyumbani kwa LUKU, elfu kumi unit 28, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji ni kama unit 19, yaani elfu 7 hivi haifiki. Mtu akiishia hapa atasema umeme umeshinda, lakini subirini.

Namba 1: kufunga gesi asilia, ile CNG

Gesi yetu wenyewe hii, inatoka Songo Songo kule Kilwa, iligunduliwa 1974 na imeanza kufika Dar kwa bomba 2004, kwa hiyo meli ikichelewa au dola ikipanda haikuhusu kama petroli inavyokuhusu. Huuzi gari, unafunga mfumo kwenye gari ulilonalo. Mimi gharama nilizoambiwa kwenye karakana nilizozunguka zilikuwa kati ya milioni 1.8 na 2.2 kwa injini ya silinda nne, inategemea mtungi na seti gani ya vifaa. Ukiokoa elfu 15 kwa siku hela yako imerudi ndani ya miezi mitano. Sasa wewe unayetoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi, kilometa 20, utaokoa elfu 3 kwa siku, utakaa karibu miaka miwili hela haijarudi, na ndo mnakuja kulalamika eti gesi ni utapeli. Sio utapeli, hukupiga hesabu.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Mtungi wa chuma unakaa kwenye buti, gesi humo iko kwenye presha ya bar 200 (tairi lako lina bar 2 na ushee), inapita kwenye paipu ya chuma mpaka kwenye regulata mbele kwenye injini, regulata inaishusha presha, afu injekta zinaigawa kwenye kila silinda. Gesi ikishuka presha inapoa sana, ndo maana regulata inapashwa moto na maji ya rejeta. Ndo maana pia asubuhi gari linawaka kwa petroli kwanza, maji yakifika kama digrii 40 linahama lenyewe kwenda gesi, unasikia tu "tik". Kwa hiyo petroli haiondoki kabisa. Kuna watu wanatembea na tanki limekauka kwa sababu "si nina gesi", pampu ya mafuta inaungua wanamlaumu fundi.

Fundi naye hata hivyo ana lawama zake. Mimi mara ya kwanza nilifungiwa mahali, sitapataja, jamaa ili apeleke maji kwenye regulata alikata paipu ya hita akaiunga na klipu legelege, nikamlipa nikaondoka nafurahi. Siku ya tatu niko Kimara na abiria mama mmoja na mtoto wake, joto limepanda, mvuke unatoka chini ya boneti, mama anapiga kelele "gesi hiyo, gesi hiyo!" kashuka na mtoto bila viatu. Ilikuwa maji tu. Klipu ya buku mbili ilitaka kuniulia gasketi ya silinda hedi. Tangu siku hiyo nikimpeleka mtu kufunga gesi nakaa hapohapo mpaka mwisho, na naangalia vitu hivi: namba na tarehe zilizogongwa kwenye shingo ya mtungi zifanane na zilizo kwenye cheti, maana mtungi una umri na unatakiwa kupimwa upya kila miaka mitano. Mtungi ufungwe kwa bolti na mikanda ya chuma kwenye bodi, sio kuchomelewa. Kwenye valvu kuwe na paipu ya kutolea hewa nje ya gari. Afu apake maji ya sabuni kwenye kila maungio gesi ikiwa wazi, ukiona povu linavimba hajamaliza kazi. Kama gari ni la injekta usikubali ule mfumo wa zamani wa kuchanganya gesi kabla haijaingia ndani, dai wa injekta kwa kila silinda, majina kama Landi Renzo, BRC, Lovato yana miaka mingi kwenye kazi hii. Na plagi badilisha siku hiyohiyo, gesi haisamehi plagi chovu.

Hofu ya mlipuko naisikia sana. Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja nje inapanda juu inapotea, na inahitaji joto kubwa kuliko petroli ndo ishike moto. Nalala usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni foleni, hahaha. Vituo vimeongezeka, Ubungo, njia ya Airport, Sam Nujoma, lakini bajaji na magari nayo yameongezeka, kuna siku nimekaa masaa mawili. Na ukifika mchana baada ya magari mengi kujaza presha inakuwa imechoka, unapewa bar 150 unaambiwa imejaa. Nenda saa kumi alfajiri, utanishukuru. Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10, kwangu hiyo ni kilometa 150 mpaka 170. Buti nalo limekwisha, mtungi mtupu peke yake una kilo 60 hivi, abiria wa Airport mwenye mabegi mawili makubwa lazima moja likae mbele. Nguvu inapungua kidogo pia, unaisikia kwenye vilima. Na ukitoka Dar na Pwani kwenda Mbeya unarudi kwenye petroli kama wenzio.

Namba 2: haibridi iliyotumika

Aqua, Prius, Fielder haibridi, yaani injini ya petroli inayosaidiana na mota ya umeme na betri yake. Haitaki pampu mpya, haitaki fundi wa gesi, unajaza sheli yoyote kuanzia Tunduma hadi Tarime. Kwenye foleni ya Mwenge injini inazima gari linasogea na betri, yaani pale wengine wanapounguza mafuta bure wewe ndo unaokoa. Ile kilometa 35 kwa lita ya kwenye makaratasi ya Japan isahau, 20 ya Dar na AC inatosha kabisa.

Mtego ni betri kubwa. Aqua betri iko chini ya siti ya nyuma na inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu dogo pembeni ya siti. Sasa sisi tunaweka watoto wanaokula bisi, mifuko ya Kariakoo, vumbi la Goba, tundu linaziba, betri inapika. Mteja wa Aqua akienda kuangalia gari aiangalie hiyo grili kwanza kabla ya rangi, ukikuta imejaa pamba ya vumbi jua betri iliyo nyuma yake imeteseka. Endesha nusu saa angalia kiwango cha betri kwenye skrini, kikiruka kutoka juu hadi chini kama mwenye wazimu, muage muuzaji kwa heshima. Na kama unaagiza mwenyewe kumbuka umri, ukizidi miaka 8 TRA wanakuongezea ushuru wa uchakavu, bei uliyoiona mtandaoni sio utakayolipa.

Namba 3: umeme

Kwa kilometa moja hakuna kinachoushinda, na toka Bwawa la Nyerere na zile megawati 2,115 zake likamilike kelele za mgao zimepungua. Ila Leaf za bei nafuu zinazoingia ni zile za kwanza za betri ya kWh 24 (kWh ndo hiyohiyo unit ya LUKU), hata mpya zilikuwa kilometa 117 kwa vipimo vya Marekani, na betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, joto la Dar linaila. Kulia kwenye dashibodi kuna vijipau vidogo 12 vya afya ya betri. Kikikosekana kimoja tu ujue imeshapoteza asilimia 15, vinavyofuata kila kimoja ni sita hivi. Zenye pau 9 ndo zinazouzwa "bei ya kutupa", na hapo utapata kilometa 80 kwa bahati, mimi hiyo inaniishia saa nane mchana niko Tegeta. Usinunue bila kuchomeka kile kifaa cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari na programu ya simu ya LeafSpy uone namba zenyewe. Kama una geti lako, soketi yako, na safari ya kazini na kurudi, nunua, nakuonea wivu. Kama umepanga na LUKU mnachangia wapangaji sita, utagombana na watu.

Mkienda kwenye magari mapya ya Kichina, BYD na wenzake, betri ni nzuri zaidi, ila muulize muuzaji plagi ya chaja ni ya aina gani, kuna ya Japan, ya Ulaya na ya China na haziingiliani.

Namba 4: LPG

Gesi ya kupikia. Nairobi wapo wanaoitumia kwenye magari, injini inaipenda na mtungi wake ni mwepesi maana presha ni ndogo. Dar sioni sababu, CNG ni rahisi zaidi. Na hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini kwenye shimo la gereji inasubiri. Wale wanaounga mtungi wa jikoni kwenye gari kwa mpira, jamani. Mtungi wa gari una valvu inayozuia kujaza zaidi ya asilimia 80, wa jikoni hauna. Acheni.

Mafuta ya mbono, yale ya kukamua mbegu za mmea, sitayapa namba. Kisarawe walichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kwa ajili hiyo, 2011 kampuni ikafa, tangu hapo sijaona sheli.

Kuna kitu kingine kinauzwa mtandaoni, kikopo cha maji unafunga kwenye boneti kinatoa "haidrojeni" na kupunguza mafuta nusu. Msitoe hela. Umeme wa kupasua maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, injini inakula petroli ileile, na unachorudishiwa ni pungufu ya ulichotoa. Mmarekani mmoja, Stanley Meyer, alinadi gari la maji, 1996 mahakama ya Ohio ikasema ni ulaghai akaamriwa arudishe hela za watu.

Mwisho kabisa: haidrojeni yenyewe

Mirai ni gari zuri, sina ubishi. Toleo la pili linabeba kilo 5.6 za haidrojeni kwenye presha ya bar 700 na linaenda zaidi ya kilometa 600. Sasa kutengeneza kilo moja kwa umeme unahitaji kama unit 55, na kilo hiyo inakupeleka kilometa 100 na kitu. Unit hizohizo ukiziweka kwenye Leaf unaenda kilometa 300. Kwa bei ya LUKU ni karibu elfu 20 kwa kilo, bado hujanunua mtambo, hujagandamiza mpaka bar 700, hujasafirisha. Karibu nifikie petroli. California wenye hela zao kilo ilifika dola 36, na mwaka 2024 Shell wakafunga vituo vyao vya magari madogo kule, wenye Mirai wakabaki wanazungukia pampu chache zilizobaki. Ndo maana zinauzwa bei ya karanga. Dar kituo hakuna, likishuka bandarini na kilo mbili kwenye tangi utaliendesha mpaka Chalinze na kurudi nyumbani, baada ya hapo ni banda la kuku lenye viti vya ngozi.

Nimemjibu binamu aachane nayo, anitafutie Aqua ya 2018, gredi 4 ya mnada, anipigie picha ile grili ya pembeni ya siti ya nyuma kabla hajabid. Ni ya mama watoto, yeye anaenda Kigamboni kazini tu. IST yangu inabaki na mtungi wake, na sasa hivi ni saa tisa na nusu usiku, ngoja niwahi Ubungo.