Kikao cha wananchi kuhusu barabara ya mjini kati, nawapa nyota 3

Mi nawapa tatu kati ya tano wale waliokuja kutusikiliza kuhusu upanuzi wa barabara huku mjini kati Dodoma. Kilichonifurahisha ni ramani, waliibandika ukutani kubwa kabisa, mama lishe na vijana wa bodaboda wakawa wanaonyesha kwa kidole hapa maji yanatuama mvua za Januari, hapa watoto wanavukia wakienda shule, na injinia alikuwa anaandika kweli sio kutikisa kichwa tu. Ila jamani tangazo limetoka jana yake jioni, tena kikao saa nne asubuhi siku ya kazi, mtu wa soko la Majengo anaacha vipi biashara yake? Na watu wenye ulemavu sikuona hata mmoja wakati wao ndo wanaoteseka zaidi na mitaro isiyo na mifuniko. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka wananchi washirikishwe, sio hisani hiyo. Nyota mbili zilizobaki watazipata wakirudi na mchoro mpya, tuone kivuko cha watoto kimeingizwa au kimeachwa.