Chupa ya bakteria kwa tangi jipya la samaki: siku 19 zangu

Kwa anayeuliza kama bakteria wa chupa, wanaouzwa ili wale sumu ya taka za samaki kwenye tangi jipya, wanafanya kazi: ndiyo, wanafanya, ila si kwa kasi inayotangazwa kwenye lebo. Lebo inasema samaki wanaingia siku hiyohiyo. Tangi langu la lita 60 lilichukua siku 19.

Sikuthubutu kuiamini lebo kwa sababu ya tangi langu la kwanza. Nilijaza maji na kutia samaki sita kwa mkupuo. Maji yalikuwa maangavu, kumbe amonia, sumu inayotokana na taka zao, ilikuwa inajilimbikiza bila bakteria wa kuila. Siku ya tano wakawa juu ya maji wanatweta, mashavu mekundu. Wanne walikufa wiki ileile, na iliniuma sana.

Safari hii tangi lilianza bila samaki. Nilitia dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba, maana klorini inaua bakteria wazuri pia, nikaweka hita nyuzi 27, nikatikisa chupa vizuri (mashapo yote yalikuwa yametuama chini), nikamimina juu ya sponji ya filta. Makazi yao ni pale kwenye sponji na changarawe, si kwenye maji yenyewe. Halafu nikadondosha amonia isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo kikasoma miligramu 2 kwa lita. Bila amonia hawana chakula.

Siku tano nzima kipimo cha amonia kilibaki kijani kilekile (manjano ndiyo sifuri), nikaanza kuamini nimeuziwa maji matupu. Siku ya sita kijani kikaanza kurudi manjano, na nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitoa wakila amonia, ikajitokeza. Kufikia siku ya tisa kipimo cha nitriti kilikuwa kinageuka zambarau iliyokoza, yaani nitriti nyingi, hata kabla sijamaliza kuhesabu matone. Hapa ndipo naona wengi wanapoteza samaki: amonia imefika sifuri, wanadhani kazi imekwisha. Nitriti inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, samaki anakosa pumzi hata kama pampu ya hewa inafanya kazi. Bakteria wanaoigeuza kuwa nitrati, isiyo na sumu kali, huchelewa kuongezeka, hakuna njia ila kusubiri. Mimi nilipunguza kwa nusu amonia niliyokuwa natia kuwalisha, nikawa napima kila jioni.

Siku ya 18 nilitia tena miligramu 2 kwa lita. Kesho yake jioni amonia sifuri, nitriti sifuri. Nikabadilisha zaidi ya nusu ya maji ili nitrati ishuke, ndipo nikaingiza samaki watatu wadogo. Wote wazima mpaka leo.

Lawama yangu nyingine kwa lebo ni mambo iliyoyanyamazia. Haina tarehe ya mwisho wa matumizi, na hawa ni viumbe hai. Haisemi kwamba filta ikizimwa kwa saa nyingi wanakufa kwa kukosa oksijeni, wala kwamba sponji haioshwi kwa maji ya bomba. Yangu naikamua kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini.

Nitanunua tena? Kama sina pa kupata sponji iliyokwisha kukomaa (yenye bakteria tayari, kutoka tangi la zamani), ndiyo. Tangi langu jingine nililianzisha kwa nusu ya sponji ya hili, na siku ya nne vipimo vyote viwili vilisoma sifuri.