Kipimio cha maji ya jakuzi: kwa hewa ya Mtwara, tazama kwanza kilivyofungashwa

Meseji ninazopata siku hizi zinafanana. Dada mmoja wa Lindi kanitumia picha ya chupa yake ya stripu, vile vijiti vya kuchovya majini: kaifungua juzijuzi tu, na sasa kila akichovya, kile kiboksi cha pH (kipimo cha uchachu wa maji) kinatoka chungwa lilelile, awe kaweka dawa au hajaweka. Mwingine ana nyumba ya wageni Shangani. Stripu zinamwambia klorini ipo ya kutosha, huku wageni wanaondoka na vipele mgongoni na mapajani. Wote wawili wameniuliza swali moja: ninunue za kampuni gani?

Vipele vya namna hiyo mara nyingi ni kazi ya Pseudomonas aeruginosa, bakteria anayestawi kwenye maji ya moto yaliyoishiwa klorini. Na jakuzi ni mahali pa kuishiwa: maji yapo nyuzi 38 hadi 40, mapovu yanachemka, watu wanne wamejibana kwenye lita 800 na jasho lao na mafuta yao ya nazi. Klorini ya asubuhi jioni huikuti. Kwa hiyo kipimio kinachokudanganya ni kibaya kuliko kutokuwa na kipimio, maana asiye nacho angalau anaogopa.

Sasa, miongozo mingi itakuhesabia: hiki kinapima vitu vitano, kile saba, kile kumi na sita. Achana nayo. Mimi naangalia kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji anayekitaja: dawa ya kupimia imefungwaje dhidi ya unyevu na joto?

Stripu ni kipande cha plastiki chenye vikaratasi vilivyokaushiwa dawa, na dawa hiyo huanza kazi ikilowa. Hapa kwetu hewa yenyewe imelowa. Mvua zikianza Desemba mpaka Aprili, chumvi mezani haitoki kwenye kopo. Stripu kwenye hewa hiyo ni korosho za kukaanga zilizolala wazi: kwa macho ni zilezile, ukizitafuna ndiyo unajua. Kile kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kinachokaa ndani ya chupa kina mwisho wake, na mtu anayefungua chupa pembeni ya jakuzi, mikono inachuruzika, anakimaliza haraka. Ndiyo maana dada wa Lindi akinunua ya kampuni nyingine atarudi palepale.

Namba za kushika ni chache. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu, miligramu 3 hadi 5 kwa lita, au kama unatumia bromini, 4 hadi 8. Alkalini, ile inayoshikilia pH isiyumbe, 80 hadi 120. Ukijua hizo, unajua kipimio chako kinatakiwa kuona nini.

Ninachokipa namba moja, na sifichi, ni Lovibond ya vidonge. Ni kiboksi cha plastiki chenye vyumba viwili, kimoja cha klorini na kingine cha pH, na vidonge ambavyo kila kimoja kimefungwa peke yake kwenye foili, kama Panadol. Hapo ndipo iliponikonga moyo. Ukifungua kidonge cha leo, cha kesho hakijui. Foili haijali kama ni Januari au Julai, na vidonge vyake huandikwa muda wa miaka, wakati dawa za matone na stripu zilizofunguliwa unazihesabia miezi. Kampuni yenyewe ilianzishwa Uingereza mwaka 1885 na mtengeneza bia, Joseph Lovibond, aliyekuwa anatafuta njia ya kulinganisha rangi za bia yake. Mtu aliyeanza na rangi ya bia namwamini kwenye waridi linalotokea kidonge kikikutana na klorini.

Matumizi yake yana adabu zake. Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na tundu linalotema mapovu. Suuza vyumba kwa maji hayohayo, jaza mpaka mstari. Minya kidonge cha DPD namba 1, ndicho cha klorini, kutoka kwenye foili kidondoke chenyewe, usikiguse kwa vidole. Kiponde kwa kijiti, funika, tikisa, kisha soma hapohapo, ukilinganisha na rangi za kwenye kiboksi, ukiwa nje kivulini mchana. Chini ya taa ya umeme ya sebuleni waridi hubadilika ukaanza kubahatisha. Chumba cha pili weka phenol red kwa ajili ya pH. Ukitaka kujua klorini iliyochoka, ile inayonuka "dawa" mpaka macho yanawasha, ongeza DPD namba 3 kwenye maji yaleyale ya klorini, soma tena, toa hesabu ya kwanza. Tofauti ikifika nusu miligramu, maji yanahitaji dozi kubwa ya klorini au kumwagwa.

Na hapa msikie vizuri: ukiona waridi limewaka sekunde moja likapotea na maji yakawa meupe, usikimbilie kuongeza klorini. Klorini ikipita kama miligramu 10 inaichubua rangi yenyewe, unasoma sifuri wakati jakuzi ni bleach tupu. pH nayo hapo huwa ya zambarau ya ajabu. Watu wamejichoma ngozi kwa sifuri hiyo.

Ina kasoro? Inayo. Kiboksi cha kawaida kinaishia 3.0 kwenye klorini, kimetengenezwa kwa mabwawa ya kuogelea, na sisi wa jakuzi ndipo tunapoanzia. Dawa yake ni rahisi: nusu maji ya jakuzi, nusu maji ya chupa ya kunywa yasiyo na klorini, kisha zidisha kwa mbili. Kwa pH usifanye hivyo. Alkalini nayo haipimi, vidonge vyake vinanunuliwa pembeni.

Namba mbili ni Taylor K-2006, ya Wamarekani. Kwa usahihi inaishinda Lovibond, siwezi kubisha. Unaweka unga, maji yanakuwa waridi, unadondosha tone moja moja ukihesabu mpaka rangi ikate kabisa. Kwa sampuli ya mililita 10 kila tone ni nusu miligramu, hivyo matone sita hadi kumi ndiyo unayoyataka. Hakuna kulinganisha rangi, hata baba mwenye macho ya uzee anaisoma. Alkalini ipo, ugumu wa maji upo. Anayetumia bromini achukue K-2106. Shida yangu ni chupa zake: ni za matone, na zinafika Mtwara ndani ya buti la basi, siku nzima kutoka Dar, Kibiti, Nangurukuru, Lindi, jua la mchana likipiga bati. Kama unaye mtu wa kukuletea kwenye begi la mkononi kwa ndege, na una friji la kuzihifadhia, chukua hii na unisahau mimi.

Fotomita, zile mashine za kusoma rangi, ziachie hoteli. Ni nzuri, lakini alama ya kidole kwenye kioo inatosha kukuharibia namba. Ukinunua ya Palintest au Lovibond, vidonge vyake ni vya "Photometer", na vya kiboksi ni vya "Rapid". Muuzaji atakwambia ni vilevile. Si vilevile.

Stripu: AquaChek, chupa ndogo, itumike upesi, ikae chumbani na si bafuni. Basi.

Kile cha matone ya njano, OTO, hapana. Kinapima klorini yote kwa pamoja, nzima na iliyochoka, kwa hiyo maji machafu yanakupa njano ya kupendeza.

Wauzaji sasa. Kuna duka limenipa chupa ya matone ambayo tarehe imefunikwa na stika ya bei. Nilipoibandua tarehe ilikuwa imepita, na jibu nililopewa ni "dawa haziozi, mama." Zinaoza! Wengine wanafungua chupa ya stripu wanauza kwa kuhesabu, kumi kumi ndani ya kifuko cha nailoni, kama karanga za stendi, na rangi za kulinganishia zimebaki kwenye chupa dukani. Bei sitaji, kwa sababu kila mwenye duka Kusini akisikia neno jakuzi anafikiri umepata hela ya gesi, anapandisha hapohapo.

Hata kipimio bora hakifufui maji ya zamani. Klorini ya unga aina ya dichlor huacha asidi ya sayanuriki, inayoipunguzia klorini makali, na haitoki isipokuwa kwa kumwaga. Kujua umwage kila baada ya siku ngapi, gawa lita za jakuzi yako kwa 11, kisha kwa idadi ya waogaji wa kila siku: lita 800 na watu wawili, ni kama siku 36. Na HTH, klorini ya unga ya aina nyingine, usiichanganye na dichlor hata kwa kijiko kimoja kichafu, inaweza kuwaka moto.

Ukiagiza Dar, omba picha ya tarehe kwenye foili yenyewe kabla hujatuma pesa, si picha ya boksi. Sema "Rapid", DPD namba 1, namba 3 na phenol red. Mwambie kondakta mzigo ukae mbele, karibu na dereva. Elfu mbili ya soda itasaidia.