Deilili Fupi Kutoka Kitalu cha Kando ya Barabara, Nakuru

Mvua za masika zilipoanza, nilinunua miche sita ya deilili fupi (maua yaitwayo daylily kwa Kiingereza) aina ya Stella de Oro katika kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Nakuru, nami nimeifurahia kuliko maua yoyote niliyowahi kupanda mbele ya nyumba. Aina hii, iliyotolewa na Walter Jablonski wa Marekani mwaka 1975, hufikia kimo cha sentimita 30 hivi, kwa hiyo haizibi dirisha wala haihitaji kuegemezwa kwa vijiti. Kila ua huishi siku moja tu: asubuhi hufunguka likiwa na rangi ya kiini cha yai, jioni huwa limenywea, na kesho yake tumba jingine kwenye bua lilelile hushika zamu.

Kasoro haikukosekana. Mizizi ilikuwa imejiviringisha na kubanana ndani ya mifuko ya miche, ikanibidi niifumue kwa vidole, polepole, kabla ya kupanda. Na mche mmoja ulirefuka hadi kiunoni, ishara kwamba ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Mwenye kitalu alinibadilishia bila ubishi. Udongo wa shamba langu hupitisha maji upesi mno, hivyo nilichanganya samadi iliyooza vizuri na kutandaza nyasi kavu kuzunguka mashina. Wenye paka wajihadhari, kwa maana mmea huu ni sumu kali inayoharibu figo za paka.