Duka la dawa la Makadara: niliendea dawa ya kuchua, nikarudi na mchoro

Miguu ilinivimba hadi kandambili hazinitoshi. Mimi ni fundi wa kushona, Kibokoni, kutwa niko kwenye cherehani, basi nikadhani ni kukaa sana. Nikaingia duka la dawa pale Makadara kutafuta dawa ya kuchua.

Kijana wa kaunta hakuniuzia. "Mama, presha watumia dawa gani?" Nikamtolea amlodipini, miligramu 10. Akachukua bahasha ya vidonge, akachora mshipa nyuma yake. Ukuta wa mshipa, akasema, una misuli, na kila seli ya misuli ina vijilango. Vikifunguka, kalsiamu huingia, misuli hukaza, mshipa hubana, presha yapanda. Amlodipini huviziba vijilango hivyo. Lakini mishipa midogo inayoleta damu hulegea kuliko ile inayoirudisha, ndipo maji yakavujia vifundoni. Mwaka wa tatu naimeza dawa hii, na hakuna aliyeniambia!

Akanikataza kuiacha kwa kichwa changu, akaniandikia kikaratasi nimpelekee daktari. Daktari kanishushia hadi 5, kaniongezea dawa nyingine. Kandambili sasa zanienea.

Kasoro ni foleni. Nilisimama nusu saa na miguu ile, na kiti kilichopo ni kimoja, nacho chayumba. Bei nazo si za chini. Lakini nitarudi. Bahasha nimeibandika ukutani, juu ya cherehani, wateja wauliza ni mtindo gani wa gauni.