Kampuni iliyotukarabatia nyumba Mji Mkongwe: kazi safi, ila kifungu chao cha kuanza kazi kisomeni mara mbili

Watu wengi wananitumia meseji kuuliza hawa jamaa waliotutengenezea nyumba ya bibi pale Kiponda wakoje, basi naandika mara moja nipumzike. Jina lao siliweki kwa sababu yapo ya kusifu na yapo ya kulaumu na mie sitaki kesi na mtu.

Kazi yenyewe nzuri, siwezi kusema uongo. Ukuta wa nyuma wameupiga chokaa, sio saruji, na hapo ndo nilipowapenda, maana nyumba za mawe ukizipaka saruji unyevu unakwama ndani, chumvi inatoka, mwaka haupiti plasta inabanduka vipande vipande. Boriti zilizooza wametoa wakatia mpya, paa halivuji, mafundi wana adabu, wakisikia adhana wanapumzika, wakimaliza wanafagia. Kwenye ufundi nawapa tano kwa tano.

Sasa njoo kwenye mkataba. Una kurasa kumi na kitu, Kiingereza kitupu, na mwenye nyumba ni mama yangu ambae Kiingereza chake ni gudi moningi. Vifungu vya rangi na misumari na nani atoe maji ya kukorogea vimeandikwa mpaka basi, lakini cha kuanza kazi ni sentensi moja tu, kwamba kazi itaanza mkandarasi akishapokea asilimia 50 ya malipo na akishakuwa tayari. Akishakuwa tayari! Kaka akasema we mama tia saini, masika hayo yanaingia na bati linavuja. Nikamwambia kaka hebu subiri, hapa wenyewe wamejitilia mlango, sisi tumejengewa ukuta.

Hebu fikirieni. Unatoa nusu ya pesa leo, wao wanakwenda kumalizia saiti za mahoteli huko Nungwi na Paje, wewe unabaki na ndoo zako chini ya bati, na huna pa kuwashikia kwa sababu kwa mkataba wao hawajachelewa kitu. Siku za kumaliza zinahesabiwa tangu kazi ianze, na kazi haijaanza, sasa utamwambia kachelewa nini? Fidia ya kuchelewa waliyoiandika kule mbele kwa kila siku inayozidi inakuwa pambo tu. Watu tunagombana bei wiki nzima na hiki kifungu tunakipita kama hatukioni.

Na wala sio kwamba haijulikani inavyofanywa. Tuna ndugu yetu yupo kwenye miradi ya barabara, akatwambia mikataba mikubwa ya ujenzi inatumia fomu za FIDIC, lile shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kwenye ile ya 1999 imeandikwa kama hamkupatana vingine basi tarehe ya kuanza iwe ndani ya siku 42 tangu mkandarasi apokee barua ya kukubaliwa, na injinia ampe notisi isiyopungua siku 7, toleo la 2017 wakaipandisha notisi ikawa siku 14. Kwa nyumba ya vyumba vitano Kiponda huhitaji injinia na makaratasi yote hayo, lakini ile fikra unaichukua: kuwe na tarehe ya mwisho ambayo ikipita hawajaanza ndo wamevunja mkataba, na kuwe na notisi ili ujue lini uhamishe makochi. Kuna mtu atasema sheria ya mikataba hata kama tarehe haikutajwa inataka kazi ifanywe ndani ya muda wa kiasi. Sawa, lakini hicho kiasi mpaka mkibishane mahakamani, na mvua haingoji hukumu.

La kibali sasa. Nyumba ikiwa Mji Mkongwe huwezi kujigongea tu, kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, na mji umetiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo ukibomoa bila ya kibali utasimamishwa, na wa kuhangaika ni mwenye nyumba. Mkataba wao hausemi nani akaombe kibali, nani alipie michoro, na kikichelewa siku hizo ni za nani. Bosi wao akatwambia si tuanze tu kubandua plasta za ndani huku tunangoja, kwani nani ataona. Mama akakataa hapo hapo, na mie namuunga mkono, kwa sababu nyumba kongwe ikiguswa ndo inakuwa hatari kuliko ilivyoachwa. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa pale Forodhani, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 mafundi wakiwa wamo ndani wanaikarabati na watu wawili wakafariki, na lile ni jumba la Serikali, sembuse letu.

Tukakaa nao barazani, chai na mandazi, tukaandika upya. Kibali waombe wao kwa jina la mama, kazi isianze mpaka karatasi iko mkononi na sheha kaambiwa, na kabla ya kutoa boriti hata moja magogo ya kuegemezea yawe yameshasimama. Pesa tukaigawa: kidogo wakati wa kutia saini kwa ajili ya michoro, sehemu kubwa siku tunapowakabidhi wao funguo waanze kazi, na siku hiyo hiyo ndo hesabu ya kumaliza inaanza. Bosi alinuna kwelikweli, akasema wateja wengine hawana maneno haya, lakini akatia saini, na kusema haki baada ya hapo walifuata kila kitu na notisi wakaleta kwa maandishi.

Lililonikera ni kwamba mchanga na boriti walivileta kabla ya siku ya makabidhiano wakavimwaga kichochoroni, mkokoteni haupiti, jirani anagomba na mama, na mkataba hausemi vifaa vilivyofika mapema viko dhamana ya nani. Vingeibiwa je? Jengine ni kifungu cha kurudisha pesa kazi isipoanza kabisa. Hicho walikataa katakata. Walikubali tu kuandika "watazungumza". Haya, mtazungumza na nini, pesa ishanunua bati la mtu mwengine.

Kwa jumla nyota tatu na nusu, ufundi ndo uliowabeba. Mkienda, mkataba msiusome na bosi, muulizieni yule dada wa ofisini, yeye anaeleza kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili bila ya kuona tabu, na marekebisho yetu anayo kwenye kompyuta, mwambieni awatolee kopi muanzie hapo. Na kama nyumba yenu ni ya wakfu msitie saini yoyote kabla hamjapita Kamisheni ya Wakfu, kwa sababu hapo hata ruhusa ya kutengeneza si yenu kuitoa.